Kioo cha Manjano cha Chumba cha Eksirei

Kwa siku kadhaa Usta Metwali, fundi wa vioo, hakuwa na raha, na kilichomnyima raha ni kioo kilichokatika kirahisi kupita kiasi.

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa vioo, katika mji mdogo wa Kafr Sandala, duka la tatu kutoka stesheni. Alijua kioo cha dirisha kinavyolia chini ya kalamu ya kukatia, na kioo cha meza kinavyofanya ukaidi kwenye kona. Hiki hakikulia wala kukaidi. Kalamu ilizama kama kisu kwenye jibini, kikaachana vipande viwili kwa upole wa kutia shaka. Mkewe, Umm Safaa, alipoviona vipande vile vinene vimeegemezwa ukutani, kimoja cha meza ya sebuleni ya binti yao Safaa anayeolewa baada ya Idi, kingine cha meza ya pembeni, alifurahi kama mtu aliyetunukiwa nyumba.

"Kwa meza hizi mama mkwe wake atafyata ulimi mwaka mzima," alisema. "Lakini mbona kina manjano manjano, Abu Safaa?"

"Manjano ndiyo fasheni," Metwali akajibu, na mwenyewe hakuamini hata neno moja.

Kioo kilitoka hospitali ya mji. Gavana alikuwa anakuja kuitembelea, na gavana akija, Kafr Sandala hupatwa na wazimu wa rangi. Mawe ya kando ya barabara hupakwa nyeusi na nyeupe, miti hupakwa chokaa hadi kiunoni, na choo kilichofungwa miaka miwili hupata mlango mpya ingawa maji bado hakina. Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Wagih, alisomea magonjwa ya ngozi, lakini majuma yale ngozi aliyoishughulikia ilikuwa ya kuta tu. Alizunguka chumba kwa chumba akinyoosha kidole, na Metwali nyuma yake na futi mkononi. Kwenye chumba cha eksirei alisimama mbele ya lile dirisha ambalo mpigaji picha hukaa nyuma yake akimwangalia mgonjwa.

"Hiki nacho ni kioo? Kimeliwa na moshi wa sigara. Toa uchafu huu, Metwali, weka kioo cheupe kinachong'aa. Kiwe kinene, usinitie aibu."

Metwali alikipangusa kwanza kwa siki. Manjano hayakutoka, yalikuwa ndani ya kioo chenyewe. Alipokilegeza kwenye fremu ndipo alipokutana na kazi. Kioo kisichozidi mlango wa kabati kilitaka wapagazi wawili kukibeba, na mmoja wao akakitukania mama yake njia nzima. Hapo swali lilimjia Metwali: kioo gani hiki chenye uzito wa jiwe la kaburi? Lilimjia, likafika hadi kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaiona akilini meza ya Safaa, akalimeza.

"Cha kutupa nitakitupa mwenyewe, bwana daktari, usijisumbue," ndivyo alivyosema, akakipeleka nyumbani.

Siku hiyo Inshirah, mpigaji picha wa eksirei, tena wa pekee hospitali nzima, alikuwa Damanhur kwenye harusi ya dada yake. Aliporudi alipita dukani kwa makusudi.

"Usta, umenifungulia dunia," alimwambia akicheka. "Zamani kila mgonjwa nilimwona wa manjano kama mwenye ini bovu. Sasa nawaona kama maharusi."

Alipoondoka, Umm Safaa alimnong'oneza mumewe kwamba msichana yule ana mimba ya miezi minne, baada ya miaka saba ya kungoja na kuzungushwa kwa madaktari. Kazini hajamwambia mtu, anaogopa husuda. Umm Safaa, mshonaji, alijua kwa sababu mama yake Inshirah, akija kushonewa na kuketi mbele ya cherehani, hana siri. Metwali alisema Mungu amkamilishie, akaendelea kusugua kingo za vioo vyake.

Siku ya kumi na moja tangu Inshirah arudi kazini, Jumatano, ndiyo siku yenyewe ya gavana. Metwali aliamka, akashindwa kumaliza maharagwe yake ya ful, akakifunga kwenye leso kipande chembamba alichokipunguza ukingoni mwa kioo kile, akakitia kwenye mkoba wake wa vifaa, akapanda gari moshi la asubuhi kwenda Tanta kwa Doktora Nevine.

Doktora Nevine alifundisha chuo kikuu, na kazi yake nyingine ilikuwa kupika vioo; Metwali hakuwa na neno jingine la kuiita. Huchanganya unga huu na ule kwenye kikombe, akaupeleka kwenye tanuri la nyuzi elfu moja na zaidi, akaumimina, akauacha upoe polepole usije ukapasuka. Vidonge vinavyopatikana humpa Metwali avisugue vilingane pande zote. Alikuwa anatafuta kioo cha kuzuia mionzi kisichotiwa madini ya risasi, kwa kuwa risasi ni sumu kwa anayeichimba na kwa anayeiyeyusha. Metwali alipenda kumtania kwamba mwanamke anayepika mawe hapati mume, naye humjibu kwamba wanaume aliowaona ni wagumu kuiva kuliko mawe.

Asubuhi hiyo hakukuwa na utani. "Doktora, nipe siri ya hiki," alisema akifungua leso. "Kimenikatikia kama jibini."

Doktora aliupima uzito wa kipande kwa kiganja, nyusi zikampanda. Akakiweka kwenye mizani kikiwa kikavu, kisha akakining'iniza ndani ya kimiminika, akaandika namba mbili. Halafu akatoa kwenye sanduku zito kidonge cha ukubwa wa kifungo cha shati, chenye mionzi kidogo, akakiweka mbele ya mashine ya kuhesabia mionzi. Namba nyekundu zilianza kukimbia. Alipoingiza kipande cha Metwali katikati, zikakaribia kusimama kabisa. Akakiondoa, akaweka kioo cha dirisha cha unene ule ule. Namba zilipungua kidogo, kisha zikaendelea na safari zao.

"Hiki ni kioo cha risasi, Usta. Kazi yake ni chumba cha eksirei. Umekitoa wapi?"

"Chumba cha eksirei."

"Wameweka kipya?"

"Nimeweka mimi. Kioo cha dirisha." Akaongeza, kama anayejitetea: "Kinene."

Doktora Nevine alivuta kiti akakaa. "Nani anakaa nyuma yake?"

"Msichana mmoja. Kutwa nzima, siku kumi na moja sasa. Atadhurika?"

"Mtu mzima, kwa siku hizo, pengine asidhurike kabisa. Mionzi inayomfikia pale ni ile inayotapanyika, si ile inayompiga mgonjwa. Lakini hiyo 'pengine' yangu si kipimo, na mimi sikuwepo na mashine yangu."

"Na akiwa na mimba?"

Doktora aliinuka kwenye kiti. "Basi leo asipige hata picha moja. Mpigie simu hapa hapa. Na umweleze kila kitu wewe mwenyewe, Usta. Usipomwambia leo, kesho nitakuja kumwambia mimi."

Simu iliita mara saba, haikupokelewa. Inshirah akiwa kazini huiacha kwenye mkoba. Metwali alikimbilia stesheni. Gari moshi la kurudi lilisimama kila mahali kama linalosalimia jamaa zake, naye akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa tena, hadi bibi mmoja mwenye kapu la bata akamwuliza kama ana jipu. "Kaa au simama, mwanangu, chagua moja, bata wangu wanapata kizunguzungu." Metwali alipiga simu tena. Iliita tu.

Hospitali ilikuwa imevaa nguo za sikukuu. Mazulia yametandikwa hadi kwenye ngazi, vyungu vya maua vimeazimwa kutoka halmashauri, wauguzi wote wamepangwa langoni. Daktari Wagih alikuwa mlangoni na suti mpya, jasho likimtoka shingoni. Metwali alimvuta kando na kumweleza. Mkurugenzi alisikiliza huku macho yake yakiwa barabarani.

"Punguza sauti," alisema. "Gavana anafika saa saba. Nimeagiza foleni ya eksirei iishe kabla hajafika, asikute mtu amesimama kwenye korido. Zimebaki saa mbili. Saa mbili zitamwua nani? Kesho rudisha kioo chako, tumalize."

"Si changu, bwana daktari. Na nimekikata."

"Umekikata?" Wagih alimgeukia sasa. "Basi funga mdomo wako, ndugu yangu, kwa faida yako. Nani aliyekuagiza utoe kioo? Una karatasi? Mimi sikumbuki kukuagiza kitu."

Ulimi ulimwasha Metwali aseme habari ya mimba. Lakini ile siri haikuwa yake, na mtu kama Wagih angeigeuza papo hapo ikawa kosa la Inshirah. Akapanda ngazi na mkoba wake wa vifaa. Hakuna aliyemzuia, kwani fundi mwenye mkoba siku ya gavana ni mtu anayekaribishwa kila mlango.

Benchi la korido lilikuwa na watu kumi na wanne. Aliwahesabu. Juu ya mlango taa nyekundu iliwaka, ikazimika. Baada ya muda ikawaka tena. Kila ilipowaka, picha nyingine ilikuwa inapigwa. Alichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kusema, na ndicho alichoshindwa. Metwali ni mtu wa mikono. Hata posa yake aliizungumza kaka yake mkubwa. Alijaribu kuyapanga maneno. Inshirah, binti yangu, kuna jambo. Inshirah, kile kioo. Taa ikawaka.

Ilipozimika, mlango ulifunguliwa, na Inshirah akatoka akimshika mkono bibi mmoja aliyevunjika kifundo. "Polepole, mama. Usta, karibu, umekuja kuona kazi yako?" akasema, akaendelea na bibi yake hadi kwenye benchi.

Chumba kikabaki kitupu. Metwali aliingia, akazunguka hadi nyuma ya ukuta, kwenye kiti cha Inshirah na ile swichi yake. Kioo chake kilikuwa kisafi kiasi kwamba kama si fremu usingejua kipo. Alikuwa amekiweka vizuri, bila kasoro, na kwa sekunde moja ya upumbavu alikionea fahari. Kisha akatoa nyundo. Pigo la kwanza liliacha jicho jeupe. La pili likaleta nyufa hadi kwenye kona. La tatu likakiangusha chote, sehemu upande wa mgonjwa na sehemu kwenye mkono wake.

Watu walikuja mbio. "Niliona ufa," alisikia sauti yake ikisema. "Nikagonga kuujaribu. Kikaniponyoka." Mpagazi aliyebeba kioo cha kwanza alisema wazi kwamba uzee umemfikia fundi. Mwanamume mmoja mwenye kikohozi, aliyeingoja zamu yake tangu alfajiri, alimwambia maneno mabaya zaidi. Daktari Wagih alipanda ngazi mbili mbili, akaona, akaelewa yote kwa mtazamo mmoja, na kwa kuwa korido nzima ilikuwa imetega masikio, hakuweza kusema anachokijua. Aliufunga mlango kwa ufunguo, akaagiza libandikwe tangazo: Chumba Kinaboreshwa. Wagonjwa wakaambiwa warudi Jumamosi.

Kwa kuwa wauguzi wote walikuwa langoni kumngoja gavana, Inshirah mwenyewe ndiye aliyempeleka Metwali kwenye chumba cha kufungia vidonda. Alimkalisha, akauosha mkono, akatoa vigae vidogo kwa kibanio, kimoja kimoja, akikipuliza kidonda kama anayemhudumia mtoto.

"Usihuzunike, Usta, wallahi. Kioo ni kioo. Ashukuriwe Mungu hakikupita kwenye mshipa. Wewe ndiye uliyeniletea ule mwanga, na wewe utaniletea mwingine."

Metwali alitamani Inshirah angemtukana kama wale wengine. Aliutazama mkono wake ukizungushiwa bandeji nyeupe, mzunguko baada ya mzunguko.

"Hakikuniponyoka," alisema. "Nimekivunja. Kwa kusudi."

Inshirah aliendelea kuzungusha bandeji. "Kwa nini?"

Akamwambia. Maneno hayakuja kwa mpangilio; alianza na Tanta, akarudi kwenye siki, akaingia kwa Wagih, akatoka kwenye gari moshi. Lakini yote aliyatoa. "Wagih aliniagiza, ni kweli, lakini yeye hakukishika. Mimi nilikishika. Niliona uzito wake, niliona rangi iko ndani, nilijua hiki si kioo cha kawaida. Nikanyamaza kwa sababu nilikitaka. Nilikitaka kwa meza ya Safaa. Na wewe una..." Akainamisha macho.

Bandeji ilisimama. Mkono wa Inshirah ulishuka hadi tumboni, kisha ukaondoka haraka kama umekamatwa ukiiba.

"Nani amekwambia?"

"Umm Safaa."

"Mji huu," alisema Inshirah taratibu. Alimaliza mzunguko wa mwisho, akafunga fundo, akakata ncha kwa mkasi. "Siku kumi na moja. Na ni majuma haya waliyoniletea kila mwenye kikohozi ili takwimu zipendeze. Picha mia tatu na ushee, Usta."

"Doktora anasema pengine hakuna madhara. Kasema ni ile inayotapanyika tu."

"Najua anachosema. Nimesoma mambo hayo miaka minne." Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. "Kioo cha risasi kina muhuri kwenye kona. Tulifundishwa wiki ya kwanza: ukiingia chumba kipya, tafuta muhuri. Mimi niliporudi kutoka Damanhur sikuutafuta. Niliuona uso wa mgonjwa vizuri, nikafurahi, nikaja dukani kwako kukushukuru."

"Kosa ni langu, binti yangu."

"Lako lipo, nimelisikia. Langu usinibebee."

Nje ving'ora vilifika, vikanyamaza, watu wakapiga makofi. Gavana alikaa dakika ishirini, akapongeza maua, na hakupanda hata ngazi moja. Ndani ya chumba kile hakuna aliyeinuka kwenda dirishani.

Inshirah alibandua kwenye koti lake kibeji kidogo cha plastiki cha kupimia mionzi, akakigeuza geuza. "Hiki kinapelekwa Kairo. Jibu huchukua miezi miwili. Kitasema mimi nimepata kiasi gani," alisema, mkono ukirudi tumboni. "Yeye hana beji."

Metwali alikimbilia kwenye kile anachokijua, kazi ya mikono. "Vipande vyote viwili vipo nyumbani. Leo leo nitakirudisha kimoja, kwa kuwa viwili havishikani bila kuacha ufa. Dirisha litakuwa nusu, nusu nyingine nitaiziba kwa bamba la risasi, lipande juu ya ukingo wa kioo, pasibaki hata upenyo wa sindano. Doktora atakuja na mashine yake kupima. Safaa atapata meza ya mbao."

"Kirudishe, kitamfaa atakayekuja," alisema Inshirah. "Mimi sikai tena pale. Nikitoka hapa naandika barua wanipeleke mapokezi, na sababu naiandika kwa herufi kubwa. Anayetaka kunihusudu anihusudu." Alisimama, akakusanya vigae kwenye sinia ya chuma, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Metwali naye alisimama. Mkono wenye bandeji ulikuwa umeanza kupwita. Alifika mlangoni, akarudi hatua moja.

"Nisamehe, Inshirah."

Inshirah alikuwa amempa mgongo, maji ya bomba bado yanatiririka. Aliyafunga.

"Ngoja azaliwe, Usta," alisema. "Sasa hivi sijui nikusamehe nini."